Pale Juu, Kule Juu

Roy Cazaly alizaliwa Albert Park, kitongoji cha mji wa Melbourne nchini Australia, tarehe 13 Januari 1893, akiwa mtoto wa kumi wa wazazi wake. Alifariki tarehe 10 Oktoba 1963 huko Hobart, katika kisiwa cha Tasmania. Kati ya tarehe hizo mbili alicheza mpira, akafundisha mpira, akakanda viungo vya watu walioteguka, akafunza farasi wa mashindano. Hayo yangetosha kumfanya mtu akumbukwe na wajukuu zake pamoja na wazee wachache wa mtaani. Lakini Cazaly ana kumbukumbu ya aina nyingine, ambayo sisi tunaoshughulika na lugha hatuna budi kuitazama kwa karibu. Jina lake limo ndani ya msemo. Kwa Kiingereza ni maneno matatu: Up there, Cazaly! Waaustralia huyatamka kumtia mtu moyo anapokabiliwa na jambo zito, na wengi wayatamkao hawajapata kuona hata picha ya mwenye jina.

Ndugu wasomaji, nimeombwa niyatie maneno hayo katika Kiswahili. Aliyeniomba nitamtaja mbele. Kwanza niwaonyeshe kazi yenyewe ilivyo.

Maneno ni matatu, mizani ni tano, kitenzi hakuna. La kwanza linamaanisha juu, nalo halina taabu. La mwisho ni jina la mtu, nalo halifasiriwi. Jahazi linapanda mwamba kwenye neno la kati. Mwingereza ana neno moja tu la mahali palipo mbali naye, akalitumia kwa kila mahali, kama mtu mwenye kanzu moja anayeivaa harusini na mazikoni. Sisi tuna matatu: pale, kule na mle. Mle ni ndani, na hewani hakuna ndani, kwa hiyo tuliache. Yanabaki pale na kule, na hayo mawili si mapacha. Pale ni mahali panapojulikana, unapoweza kupanyoshea kidole. Kule ni upande, ni eneo, ni mahali kusikopimika. Mtu aliyepotelewa na ufunguo nikimwambia uko pale, atakwenda moja kwa moja akauchukue. Nikimwambia uko kule, ataanza kutafuta.

Basi ni pale juu, au ni kule juu? Sarufi haina jibu. Jibu analo yule aliyetamka, kwa kutegemea alikuwa amesimama wapi na macho yake yalikuwa yameona nini. Ndiyo maana ilinibidi nimfuate Cazaly mpaka uwanjani.

Mchezo wenyewe si ule wa Simba na Yanga. Kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, na ingawa jamaa zake walioko Uingereza wanafanana naye kidogo, umekua peke yake kama mti uliopandwa kisiwani. Uwanja una umbo la yai, mpira nao una umbo la yai. Kila upande una wachezaji 18. Kila mwisho wa uwanja kuna nguzo nne zilizosimama wima bila mwamba wa juu: mpira ukipigwa kwa mguu ukapita kati ya nguzo mbili za katikati ni pointi 6, ukipita kando yake, ndani ya nguzo za nje, ni pointi 1. Unaruhusiwa kuupiga teke, kuupiga ngumi kumpa mwenzako, na kukimbia nao mradi uudundishe njiani. Lakini ua la mchezo huo ni kudaka. Mpira ukipigwa na mtu mguuni ukasafiri umbali uliowekwa, nawe ukaudaka kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, basi ni wako: wapinzani hurudi nyuma, nawe unapewa nafasi ya kuupiga bila kusumbuliwa. Kwa hiyo mchezo unampa thawabu mwenye kupaa. Watu hupanda mabega ya watu, magoti yakiwa kwenye migongo ya wapinzani, kwa ajili ya kuufikia mpira nusu pumzi kabla ya mwingine.

Cazaly hakuwa jitu. Kimo chake kilikuwa sentimita 180, urefu wa kawaida tu, na kazi aliyopewa ilikuwa ile ya kuwania mpira unaporushwa juu, kazi ambayo kwa kawaida hukabidhiwa warefu kuliko wote. Alichokosa kwa mifupa alikitafuta kwa mazoezi. Nyumbani kwake alitundika mpira kwa kamba ndani ya banda, akawa anaurukia, tena na tena. Nawaza juu ya banda lile mara nyingi. Hakuna mtazamaji, hakuna mpinzani, hakuna kelele. Kuna mtu mmoja, kamba, na kitu kilichoning'inia pale juu. Sijui kama kuna picha bora zaidi ya mshairi akiwa na kina kinachomkwepa.

Alikuwa pia na nadharia ya pumzi. Aliamini kwamba ukivuta hewa kwa nguvu wakati unaporuka, hewa hiyo hukuinua. Wanafizikia wacheke wapendavyo. Mghani yeyote aliyewahi kusimama mbele ya watu na utenzi mkononi anajua kwamba mshororo huanzia kifuani kabla ya kufika kinywani, na kwamba aliyesahau kuvuta pumzi ukwapini atakwama utaoni. Kama hewa ilimwinua Cazaly au ni imani yake katika hewa iliyomwinua, walioshuhudia hawakujali. Walisema tu kwamba akipanda alichelewa kushuka.

Safari yake ya uwanjani haikunyooka. Baada ya kujaribu bahati katika klabu ya Carlton aliingia St Kilda mwaka 1911, na mlango alioingilia ulikuwa wa ajabu kidogo. Wachezaji wa kawaida wa St Kilda walikuwa wamegoma kwa kuzozana na viongozi wao, klabu ikalazimika kushusha uwanjani vijana wasiojulikana. Yeye alikuwa mmoja wao. Mwaka 1913 St Kilda ilifika fainali ikafungwa na Fitzroy. Kisha vita vikaja. Mwaka 1916 ligi ya Victoria ilichezwa na klabu nne tu, na St Kilda haikuwamo mwaka huo wala mwaka uliofuata. Cazaly alikuwa na umri wa miaka 23 na 24, umri ambao mwili wa mwanamichezo hupaa bila kuombwa. Mwaka 1920 alikuwa nahodha wa klabu hiyo, na mwaka 1921 akahamia South Melbourne, majirani wa ziwa lile lile la Albert Park alikozaliwa. Alikaa huko hadi 1924, akaenda kufundisha mpira Minyip, mji mdogo wa wakulima wa ngano, kisha akarudi kwa misimu ya 1926 na 1927.

Hesabu ya mwisho inanifurahisha kama mtu wa mizani: mechi 99 kwa St Kilda na mechi 99 kwa South Melbourne. Mara mbili alifika kizingitini mwa mia, mara mbili akakomea hapo. Wala hakupata kutwaa ubingwa wa ligi ile akiwa mchezaji. Mtu ambaye jina lake limekuwa mwito wa kupanda juu kuliko wote aliziacha hesabu zake zote zikiwa na pungufu ya moja.

Ni South Melbourne ndiko msemo ulikozaliwa, nao ulizaliwa na watu watatu. Katika mchezo ule wa zamani kulikuwa na watu watatu waliofuata mpira popote ulipokwenda, wasiofungwa na nafasi yoyote uwanjani. Mmoja alikuwa Cazaly, wa kuruka. Wa pili alikuwa Mark Tandy, mfupi, mwepesi, aliyezunguka chini kwenye miguu ya wakubwa akiokota kilichoanguka. Wa tatu alikuwa Fred Fleiter, ambaye wenzake walimpa jina la utani lenye maana ya mbu. Kazi ya Fleiter haikuwa na urembo. Aliweka mwili wake kati ya Cazaly na wale waliotaka kumwangusha. Alipokea viwiko na mabega yaliyokusudiwa mwingine, ili yule mwingine apate nafasi ya kunyanyuka. Na kwa kuwa Cazaly akiwa katikati ya msukumano hakuweza kuona kila kitu, Fleiter aliona kwa niaba yake, na alipouona mpira unakuja alipiga kelele. Up there, Cazaly!

Hapo, wenzangu, fumbo la kwanza limefumbuka. Kinywani mwa Fleiter ni pale. Hakuna njia nyingine. Kuna mpira mmoja, uko mahali pamoja, na mahali hapo patakuwa na maana kwa muda wa kufumba na kufumbua. Angesema kule angemfanya mwenzake atafute, na aliyeanza kutafuta amekwisha kuchelewa. Ni neno la kazi, kama la fundi aliye chini akimwelekeza aliye juu ya ngazi.

Tazameni pia kwamba Fleiter hakuamrisha. Nilijaribu tafsiri zenye kitenzi: Paa, Cazaly! Ruka, Cazaly! Zote zilinikaa vibaya ulimini. Zinamfanya Cazaly awe punda na Fleiter awe mwenye fimbo. Mwito wa asili hausemi fanya hivi. Unaonyesha mahali na kutaja jina, basi. Kilichobaki, yaani namna ya kufika mahali hapo, anaachiwa mwenye jina, kwa sababu anaaminiwa. Nimesoma mashairi mengi ya kuhimizana yaliyoandikwa kwa kauli ya amri, simameni, jengeni, amkeni, na machache mno yana heshima iliyomo katika maneno haya matatu yasiyo na kitenzi.

Kisha watazamaji wakausikia. Kelele za mtu mmoja uwanjani husikika pembeni iwapo sauti yake ni ya mbu, na ya Fleiter ilisikika. Mashabiki wa South Melbourne wakaudaka mwito wakawa wanaupiga wao, maelfu kwa pamoja. Ukawa kiitikio. Lakini kiitikio kina tabia yake: kikishajua njia ya koo za watu, hakimhitaji tena aliyekianzisha. Watu wakauchukua nyumbani. Wakamwambia mtoto anayepanda mti, fundi anayeinua boriti, rafiki anayekwenda kuomba kazi. Katika Vita Vikuu vya Pili askari wa Australia waliupiga katika jangwa la Afrika Kaskazini, wakiinuka kutoka mahandakini. Jangwani hakukuwa na mpira. Hakukuwa na kitu chochote pale juu ambacho mtu angependa kukidaka. Mwaka 1955 mwandishi Ray Lawler akautumia katika tamthilia yake Summer of the Seventeenth Doll, naye hakuhitaji kuueleza kwa hadhira yake. Mwaka 1979 Mike Brady akautungia wimbo kwa ajili ya matangazo ya mpira katika televisheni, na tangu hapo watoto waliozaliwa miongo baada ya kifo cha Cazaly humwimba kana kwamba atashuka uwanjani wiki ijayo.

Huko kote si pale tena. Ni kule. Kidole hakina pa kunyoshewa. Juu kumekuwa upande wa moyo: ushujaa, matumaini, cheo, au kifo. Nadhani maisha yote ya msemo huo yamo katika safari ya kutoka pale kwenda kule, na Mwingereza aliyesafiri nao hakupata kujua kwamba alivuka mpaka, kwa maana lugha yake haikumwekea kituo cha forodha. Sisi tungesimamishwa.

Tusijione wageni wa jambo hili. Neno harambee lilikuwa mwito wa watu wanaovuta au kuinua kitu kizito kwa pamoja, likiwa na kitu mbele yao na kamba mikononi. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mwaka ule ule Cazaly alipofariki, Jomo Kenyatta alikuwa amekwisha kulifanya mwito wa taifa. Leo limo kwenye nembo ya nchi. Limeingia katika ngeli ya nomino, watu wanasema harambee yetu, harambee ya kanisa, harambee ya karo. Hata timu ya taifa ya mpira inaitwa Harambee Stars. Kamba haipo tena, na mara nyingi kilicho kizito ni bahasha. Silalamiki. Nasema tu kwamba neno nalo lilitoka pale likaenda kule, na kwamba hakuna ajuaye jina la mtu wa kwanza aliyelitamka akiwa ameshika kamba.

Jambo hili la mwisho ndilo linalonigusa zaidi, na naomba radhi nikilisimamia kidogo. Nililelewa pwani ya Tanga, na utotoni niliona jahazi likikwezwa ufukweni kwa matengenezo na kushuliwa tena. Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa na mguu mbovu usioweza kusukuma kitu, kwa hiyo kazi yake ilikuwa kuita. Alisimama kando, mkono mmoja kiunoni, akitazama mchanga, magogo na maji, na aliita wakati ule tu alipoona kwamba mabega yote yamekaa sawa. Akiita mapema, watu waliumia. Akichelewa, wimbi liliondoka. Mwito wake ulikuwa mfupi, nao uliishia na jina la jahazi. Jahazi lile lina jina linalotajwa hadi leo, na nahodha wake anatajwa kwa sifa. Mwito wenyewe wazee wanaukumbuka neno kwa neno, na wakiutamka hunyanyua mabega bila kujijua. Nikiwauliza ulikuwa wa nani, hunijibu kwamba ulikuwa wa jahazi.

Fleiter naye ni hivyo. Mwaka 1996, Waaustralia walipofungua jumba la heshima la mchezo wao, waliwachagua 12 wa kwanza kuwa katika daraja la juu kabisa, na Cazaly alikuwa mmoja wao. Ni haki yake. Lakini msemo tunaouita wa Cazaly hakuutamka Cazaly. Yeye ndiye mtu pekee uwanjani ambaye hakuwa na haja ya kuutamka. Aliyemwita ni mwingine, ambaye ndani ya msemo hana hata silabi moja. Ni desturi ya mwito kuhifadhi aliyeitwa na kumwacha mwitaji, kama vile barua inavyoandikwa jina la mpokeaji kwa herufi kubwa mbele, na la mwandikaji kwa udogo nyuma, au lisiandikwe kabisa.

Cazaly mwenyewe aliishi muda mrefu na jina lililomkimbia. Mwaka 1928 alikwenda Launceston, Tasmania, na ingawa alirudi bara mara kadhaa, kisiwa kile kikawa ndicho nyumbani. Alizidi miaka 40 akiwa bado anacheza, mwili ukiwa umetunzwa kwa nidhamu aliyoanza nayo kwenye banda. Huko Hobart alikuwa akitibu misuli na viungo. Naona kuna utamu fulani katika hilo: mtu aliyesifiwa kwa kupaa akapokea riziki yake kwa kushika magoti na vifundo vya watu walioanguka.

Kuna habari moja ya maisha yake ambayo wapenda lugha wataifurahia, nayo haisimuliwi mara nyingi kama ile ya kuruka. Mwaka 1942 na 1943 alifundisha klabu ya Hawthorn. Hawthorn ni jina la mti wa miiba, na kwa kuwa mti huo huchanua mwezi wa Mei huko Uingereza, mashabiki waliwaita wachezaji wao kwa jina la maua hayo. Cazaly aliona kwamba timu inayoitwa maua itachezewa kama maua. Akahimiza waitwe mwewe. Jina likashika, na hadi leo ndilo jina la klabu ile. Mtu ambaye lugha ilimchukua bila kumwomba ruhusa alijua, bila shaka kuliko mwalimu yeyote wa mpira, kwamba jina ni kitu kinachofanya kazi. Na tazameni alichokichagua: kati ya wanyama wote wakali, alichagua kinachokaa juu, kikaona, kikashuka.

Sasa nimtaje aliyeniomba. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anaishi Melbourne na mumewe. Mtoto wao wa kiume ana miaka 10, kazaliwa huko huko. Kiswahili anakisikia, akiulizwa kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza. Mama yake aliniambia, "Mjomba, sitaki tena kumpa maneno ya kunong'ona. Shikamoo anainong'ona, ahsante anainong'ona, yote kwa sababu nimesimama nyuma yake. Nitafutie maneno ya kupiga kelele." Mtoto anacheza mchezo ule wa Cazaly katika timu ya watoto, na katika timu yake wamo wawili wa familia za Kongo, ambao nyumbani kwao pia Kiswahili kinasemwa, kile cha kwao. Uwanjani ndipo mahali pekee, alisema mama yake, ambapo mtoto huyu hatahayari.

Nilipima. "Pale juu, Cazaly" ina mizani saba, na sikio langu lililozoea vipande vya nane lilikuwa likingoja ya nane kama mtu anayengoja kiatu cha pili kianguke ghorofani. Nikatia we, lile la kuitana vijana kwa vijana, we Juma, we Asha, nikapata: Pale juu, we Cazaly! Mizani nane kamili. Na mahali pa Cazaly waweza kutia jina lolote la mizani tatu. Nilichagua pale kwa sababu mtoto wa miaka 10 ana mpira wa kweli mbele yake. Kule atafika mwenyewe akikua, kama msemo ulivyofika. Nikampelekea mama yake, pamoja na maelezo marefu ambayo nina hakika hakumsomea.

Wiki mbili baadaye nikaletewa sauti kwa simu, iliyorekodiwa pembeni mwa uwanja. Upepo mwingi, wazazi wakishangilia, firimbi. Kisha sauti ya mtoto, nyembamba, kali, iliyopanda juu ya zote: Hapo juu! Hapo juu! na jina la rafiki yake, mmoja wa wale wa Kongo.

Nilirudia kuisikiliza mara nyingi. Si pale, wala si kule. Hapo ni mahali palipo karibu na anayeambiwa, mbali na anayesema. Mwenziwe alikuwa amekwisha kuruka. Mahali pale palikuwa tayari pamekuwa pake. Kiambishi hiki nimekifundisha darasani miaka 31, kwa chaki na kwa vielelezo vya kitabu kilicho mezani pako, na sijapata kukutana na mfano ulio hai kuliko huu, kutoka kwa mtoto ambaye hakuna aliyemfundisha. Mpwa wangu aliuliza kama amrekebishe, aseme ile yenye mizani nane. Nikamwambia asithubutu.

Nikamwuliza kama yule rafiki aliudaka. Hakuudaka. Mpira ulimgonga vidoleni ukaanguka, na mjukuu wangu, ambaye ni mfupi kuliko wote katika timu na kwa hiyo huwekwa chini pale mipira inapoangukia, aliuokota akakimbia nao.